TUJIFUNZE KIINGEREZA: Jambo Linalofanyika Sasa Hivi

Mwezi huu tunajifunza namna ya kutaja kwa Kiingereza jambo linalofanyika sasa hivi. Somo hili litawafaa hasa ndugu zetu wa Kilwa Kisiwani. Wageni hufika huko kutazama Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza. Tangu mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni wengi huzungumza Kiingereza. Mwenye chombo, mvuvi na muuza samaki, wote hukutana nao.

Tuanze na lugha yetu. Tukisema, "Juma anavua samaki," maneno haya yana maana mbili. Maana ya kwanza ni kwamba kazi ya Juma ni uvuvi. Maana ya pili ni kwamba Juma yuko baharini sasa hivi, anavua. Sisi tunaelewana, kwa sababu tunamjua Juma.

Kiingereza hutenganisha maana hizi mbili. Kazi ya kila siku ni "Juma fishes." Ni kama sisi tunavyosema, "Juma huvua samaki." Jambo la sasa hivi ni "Juma is fishing." Basi mgeni akikuuliza Juma yuko wapi, nawe ukajibu "Juma fishes," atajua kazi ya Juma tu. Hatajua kwamba Juma yuko baharini wakati huo.

Kwa hiyo kabla ya kusema, jiulize: Je, ni kila siku, au ni sasa hivi?

NAMNA YA KUUNDA MANENO

Kiswahili hutumia neno moja: ninavua. Kiingereza hutumia maneno matatu:

I am fishing – mimi ninavua. Tamka: ai em fishing'.
She is cooking – yeye, mwanamke, anapika. Tamka: shii iz kuking'.
They are coming – wao wanakuja. Tamka: dhei aa kaming'.

Neno la kwanza humtaja mtendaji. Neno la pili ni "am", "is" au "are". Tumia "am" kwa mimi. Tumia "is" kwa mtu mmoja au kitu kimoja. Tumia "are" kwa wewe, sisi, ninyi na wao. Neno la tatu ni kitendo, nalo huishia na "-ing". Mwisho huo hutamkwa kama mwanzo wa neno ng'ombe.

Usiache neno la katikati. Watu wengi husema "I fishing." Hayo si maneno kamili.

Kukanusha ni rahisi. Ongeza "not": "We are not fishing" – hatuvui sasa. Ukitaka kuuliza, tanguliza neno la pili: "Are you coming?" – Je, unakuja?

MAMBO MAWILI YA KUANGALIA

Jambo la kwanza. Sisi tunasema, "Mtoto amelala," na "Babu amekaa." Hatusemi "analala" wala "anakaa", maana kitendo cha kulala au kukaa kimekwisha, iliyobaki ni hali. Lakini Mwingereza huihesabu hali hiyo kuwa inaendelea. Kwa hiyo husema, "The child is sleeping," na "Grandfather is sitting." Hata bibi aliyevaa kanga, kwake "is wearing a kanga."

Jambo la pili. Kujua na kutaka havichukui "-ing". Sema, "I know the way" – ninaijua njia. Sema, "I want water" – ninataka maji. Usiseme "I am knowing" wala "I am wanting."

FAIDA YAKE

Ndugu msomaji, usidhani haya ni mambo ya darasani tu. Tuseme unavusha wageni kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani. Ukiwaambia, "The boat leaks," watafahamu kwamba chombo hiki kina kawaida ya kuvuja. Labda watacheka. Lakini ukisema, "The boat is leaking," watafahamu kwamba maji yanaingia sasa hivi. Watashika ndoo wakusaidie.

Magofu nayo ni hivyo hivyo. Kuanzia mwaka 2004 hadi mwaka 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mawimbi ya bahari na maji ya mvua yalikuwa yakiyaharibu. Baadaye yalifanyiwa kazi, yakatolewa katika orodha hiyo. Basi ukimwonyesha mgeni ukuta uliobomolewa na bahari zamani, sema, "The sea broke this wall." Lakini siku ukiona mawimbi yanaung'oa ukuta mbele ya macho yako, mwambie mtaalamu asiyejua Kiswahili, "The sea is breaking the wall." Maneno ya kwanza ni historia. Ya pili ni kuomba msaada.

ZOEZI

Andika kwa Kiingereza katika daftari lako. Usitazame majibu kwanza.

1. Mama anapika sasa hivi.
2. Babu huvua samaki kila siku.
3. Chombo kinakuja.
4. Watoto wamelala.

Majibu:

1. Mother is cooking.
2. Grandfather fishes every day.
3. The boat is coming.
4. The children are sleeping.

Kama umekosa la nne, usivunjike moyo. Rudi usome tena habari ya mtoto aliyelala. Kisha kila jioni, ukiwa umekaa barazani, tazama watu wanavyofanya kazi zao. Taja kwa Kiingereza matendo matano unayoyaona. Mfundishe na jirani yako. Lugha hujulikana kwa kusemwa.