Michezo ya Uchawi na Michezo ya Nyota: Tunasahihisha Jawabu Letu



Mwaka jana, katika kikao cha wazazi wa madrasa kabla ya likizo ya Desemba, tuliulizwa kuhusu michezo ya kompyuta ambayo vijana wetu huicheza majumbani. Tulisimama tukajibu kwa haraka, kama mtu anayejibu salamu huku anatafuta viatu vyake mlangoni. Tulisema: mchezo wenye uchawi uondolewe, mchezo wa sayansi, wenye vyombo vya angani na mashine, hauna neno. Wazazi waliridhika, nasi tuliridhika, kwa kuwa jawabu lilikuwa fupi na kila mtu aliweza kwenda nalo nyumbani.

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja mwenye duka la rejareja mtaani kwetu alitusubiri barazani. Akasema: "Ustadhi, ule ushauri wako niliufuata. Mchezo wa uchawi niliufuta kwenye kompyuta ya mwanangu, naye akatafuta wa nyota kama ulivyosema. Sasa anakesha, na Alfajiri namwamsha kwa tabu. Lakini hilo silo lililonileta. Jana nilimuuliza huo mchezo mpya una nini ndani yake. Akaniambia, 'Baba, katika ule ulioufuta, ukimpunja kipofu unahesabiwa. Katika huu nimewapiga risasi wenye maduka watatu, nimechukua mali yao, na nimepandishwa cheo.' Ustadhi, mimi ni mwenye duka."

Hatukuwa na la kumjibu usiku ule. Tulimwomba mzee wetu ruhusa ya kufika kwake, tukakaa mbele ya kompyuta jioni tatu, kijana katikati, baba yake upande mmoja na sisi upande wa pili. Mchezo uliofutwa ulirudishwa ili tuuone. Tuliyoyaona, pamoja na tuliyoyasoma baadaye kuhusu historia ya michezo hii, ndiyo tunayoyaleta leo.

Kwanza tufahamu ni michezo gani. Si ile ya kukimbiza gari wala ya kupiga mpira. Hii ni michezo ya kuvaa uhusika: mchezaji hujitengenezea mtu, humpa jina, nguvu na udhaifu, kisha humwongoza katika ulimwengu wa kubuni, akizungumza na watu, akinunua, akipigana, akiamua. Asili yake si kompyuta, bali ni meza, karatasi na dadu. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, wenye wapiga upanga, walozi na majoka. Mwaka 1977 Mmarekani mwingine, Marc Miller, alitoa uitwao Traveller, wenye merikebu za angani na safari za kutoka nyota hadi nyota. Hao ndio mababu wa koo mbili tunazozilinganisha: ukoo wa njozi na ukoo wa bunilizi za sayansi.

Tangu hapo tofauti ilikuwa kubwa kuliko upanga na bunduki. Katika Dungeons & Dragons mtu huanza dhaifu, akapanda ngazi kwa ngazi mpaka akawa shujaa asiyeshikika. Ni hadithi ya kukua kwa nguvu, na sisi watu wa pwani tunaifahamu vyema, kwani tumelelewa na visa vya Fumo Liyongo na vya mazimwi ya bibi zetu. Katika Traveller mtu huanza akiwa tayari ametumikia jeshini au katika biashara, umri umeshaanza kumla, na akibahatika kuwa na merikebu huwa nayo pamoja na deni lake, ambalo lazima alilipe mwezi baada ya mwezi. Kwa kanuni za awali, mhusika aliweza hata kufa katika utumishi wake wa mwanzo kabla mchezo haujaanza. Hiyo ni hadithi ya gharama: mafuta, deni, umri na mauti.

Kompyuta za nyumbani zilipoenea, koo zote mbili zilihamia humo. Mwaka 1981 zilitoka Wizardry na Ultima, zote za njozi, zikichezwa kwenye kompyuta ya Apple II. Hata hivyo Ultima ile ya kwanza, pamoja na mapanga na ulozi wake, ilikuwa na chombo cha kuruka angani na mashine ya kurudi nyuma katika wakati. Mpaka tuliouchora sisi mbele ya wazazi wa madrasa haukuwapo hata mwanzoni.

Mchezo uliofutwa nyumbani kwa mzee wetu ni wa nne katika mfululizo huo, Ultima IV, uliotoka mwaka 1985. Ni mchezo mkongwe, na siku hizi hutolewa bure, ndiyo maana kompyuta chakavu aliyopewa kijana na mjomba wake iliuweza. Mtunzi wake, Richard Garriott, amesimulia kwamba michezo yake ya awali ilimletea barua za wazazi waliolalamikia yaliyomo. Pia alitambua kwamba wachezaji walishinda kwa kuiba na kuua raia, kisha wakaitwa mashujaa. Basi akatunga mchezo usio na adui mkuu wa kuuawa mwishoni. Mchezaji hutakiwa kutimiza sifa nane: ukweli, huruma, ushujaa, uadilifu, kujitolea, heshima, uchaji na unyenyekevu.

Jioni ya kwanza kijana alituonyesha duka la mitishamba. Muuzaji ni mwanamke kipofu. Anataja bei, kisha mchezo unamwachia mnunuzi aandike mwenyewe kiasi anacholipa. Kijana akaandika pungufu. Mwanamke akapokea, na hapakutokea lolote: hapakuwa na askari, wala kelele, wala adhabu. "Umeona, ustadhi?" kijana akasema. "Hakuna kitu. Lakini imeandikwa." Baadaye yupo mzee mmoja katika kasri la mfalme ambaye humwambia mchezaji hali ya sifa zake, na hapo ndipo mpunjaji hujua kwamba hesabu ilikuwa ikienda.

Ndugu msomaji, tumesomesha Suratul Mutaffifiin darasani mara nyingi, tukieleza onyo lililomo kwa wanaopunja vipimo. Hatukumbuki kumwona kijana wa miaka 14 akilielewa jambo hilo kwa utulivu wa namna ile. Wala hatusemi kwamba mchezo ni mwalimu wa dini. Twasema tu kwamba tuliufuta bila kuutazama.

Uadilifu unatutaka pia tuseme lililo baya. Mchezo huohuo hufunguliwa na mpiga ramli mwenye karata, anayemuuliza mchezaji maswali ya maadili. Una mahekalu ambamo mhusika hutafakari kwa kurudiarudia neno maalumu. Una ulozi wa kuchanganya mizizi, majivu na nyuzi za buibui. Mzazi wa Kiislamu hawezi kuyapita hayo kimya. Tulimuuliza kijana anayaonaje. Akajibu kwamba ramli ni haramu na kwamba yale mahekalu ni ya watu wa mchezoni, si yake. Jawabu lilikuwa sahihi, lakini alikuwa hajawahi kuulizwa. Mtoto mwingine, mdogo zaidi, huenda asingekuwa nalo.

Jioni ya pili tuligeukia ukoo wa nyota. Huo mchezo mpya wa kijana hatutautaja jina, kwa kuwa ipo mingi kama huo. Hauna ramli, hauna hekalu, hauna mlozi. Kwa kipimo chetu cha mwaka jana ulikuwa safi. Ndani yake kila kilichomo ni shabaha au ngawira, na alama hupanda kwa mauaji, awe adui au mchuuzi.

Lakini tusije tukatoka kwenye kosa moja tukaingia jingine, tukasema kwamba michezo yote ya sayansi ni hivyo. Mwaka 1986 ulitoka mchezo uitwao Starflight. Mchezaji huongoza merikebu na mabaharia wake kati ya mamia ya sayari, akichimba madini na kukutana na viumbe wa kila namna. Merikebu haiendi bila mafuta, na mafuta ni vito viitwavyo Endurium. Wakati huohuo nyota zinalipuka moja baada ya nyingine na kuangamiza walio karibu nazo. Mchezaji hutafuta chanzo, na akifika mbali hugundua kwamba vile vito alivyokuwa akivichoma tangu siku ya kwanza ni viumbe hai wenye akili, ambao maisha yao huenda taratibu mno hata hakuna aliyewatambua. Maangamizi yale yalikuwa njia yao ya kujilinda.

Umo pia Fallout wa mwaka 1997, uliobuniwa katika ulimwengu uliobaki baada ya vita vya nyuklia. Unaanza kwa jambo dogo ambalo kila mama wa mtaani kwetu analielewa: kifaa cha kusafishia maji cha watu waliojificha chini ya ardhi kimeharibika, na mchezaji amepewa siku 150 kutafuta kingine. Adui mkuu wa mchezo huo aweza kushindwa kwa maneno tu, akionyeshwa ushahidi kwamba taifa analolijenga haliwezi kuzaa. Hata hivyo una damu nyingi, ulevi na maneno machafu. Ni mchezo wa watu wazima, na hatuupendekezi kuwekwa mikononi mwa kijana.

Basi tukilinganisha koo hizi mbili katika michezo iliyo bora, tunaona hivi. Mchezo wa njozi humwambia mchezaji tangu mwanzo lililo jema, kisha humpima kama atalitenda pale asipoonekana. Mchezo wa sayansi humwacha atende, kisha humwonyesha alichokifanya na nani aliyelipa gharama. Wa kwanza hufundisha kama nyanya anavyofundisha kwa hadithi. Wa pili hufundisha kama mahakama. Katika michezo iliyo dhaifu, koo zote mbili hufanana kabisa: ua, chukua, panda cheo, rudia.

Kwa hiyo jawabu letu la mwaka jana tunalifuta. Badala yake tunamwomba mzazi aketi na mwanawe japo saa moja, na ajiulize mambo matatu.

La kwanza: mchezo huu unahesabu nini? Kila mchezo una kitu unachokilipa. Ukilipa wizi, huo ni mchezo wa wizi, hata kama umewekwa juu ya mwezi.

La pili: ni nini ndani yake kinachogusa itikadi yetu, na je, mtoto analijua? Kama analijua na anaweza kulieleza kwa kinywa chake, mmefanya mazungumzo ambayo huenda msingeyafanya. Kama hawezi, basi bado hajafikia umri wa mchezo huo, na kuuondoa ni haki yako.

La tatu: unamwachilia lini? Hapa koo zote mbili zina lawama sawa, kwa sababu michezo hii ni mirefu na hula makumi ya saa. Lakini pia mingi ina mahali pa kuhifadhi ulipofika, ukarudi kesho ukaendelea palepale. Kijana akisema "siwezi kuacha sasa" wakati wa adhana, mwambie ahifadhi. Mchezo unahifadhika, wakati wa swala hauhifadhiki. Na kompyuta ikae sebuleni, isikae chumbani penye mlango wa kufungwa.

Jioni ya tatu kijana aliufuta mwenyewe ule mchezo wa nyota. Hatukumwamrisha, baba yake alimuuliza tu kama wale wenye maduka watatu walikuwa na watoto. Akakaa kimya kidogo, akasema mchezo haukuonyesha. Kisha akafuta. Makubaliano yao sasa ni saa moja baada ya Asr, siku za Jumamosi na Jumapili, na Alfajiri msikitini bila kuamshwa mara ya pili. Wiki ya kwanza aliamshwa mara mbili. Wiki hii, hadi tunaandika, bado.

Tulipopita dukani kununua sukari, tulimkuta kijana amesimama mbele ya mizani, baba yake akiwa ameingia ndani kuchukua udhu. Hakutuona tulipofika, maana tulisimama upande wa jua. Alipima kilo moja ya mteja aliyetutangulia, akatazama mshale, akaongeza kijiko kimoja, akafunga mfuko.

Wabillahi tawfiq.