Kumbe wa kupima nilikuwa mimi

Jamani, mwenzenu nusura nipoteze mtoto mzuri kwa ushamba!

Jumapili moja tuko Coco Beach, mihogo na pilipili mkononi, bibie akaniambia: "Kabla hatujafika mbali, ujue nina virusi vya Ukimwi. Natumia dawa mwaka wa nne sasa." Muhogo ukanikwama kooni. Nikajikaza kiume, nikamsindikiza kituoni, nikadandia daladala yangu. Usiku nikasugua meno mpaka fizi zikatoa damu, eti kwa sababu tuliwahi kubusiana. Cheka tu, na ndiye mimi ninayewapa somo la mapenzi hapa kila wiki!

Siku tano sikumpigia. Ya sita akapiga yeye. Hakulia wala hakubembeleza. "Kesho naenda kliniki kuchukua dawa. Ukitaka kujua, njoo uulize mwenyewe."

Nikaenda, nesi akanipa darasa. Mtu anayemeza ARV kila siku, na kipimo kikaonyesha virusi havionekani kwenye damu, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hii siyo stori ya kijiweni. Utafiti wa Ulaya uitwao PARTNER, uliotoa majibu 2016, ulifuatilia jozi 888 za wapenzi, mmoja anavyo na mwingine hana. Walikutana bila kondomu mara kama 58,000. Aliyeambukizwa na mwenzi wake huyo? Hakuna hata mmoja.

Ila kinachoangaliwa ni kipimo, siyo unene wa mtu. Aliyeanza dawa juzi anahitaji muda, kwa kawaida miezi kama sita, na hapo katikati ni kondomu, au asiye navyo ameze dawa kinga, PrEP. Kondomu bado ina kazi, maana kisonono na kaswende haziogopi ARV. Na nyie wa mafuta ya nazi acheni, mpira unapasuka!

Nikashusha pumzi. Bibie akanigeukia: "Mimi yangu nayajua. Wewe mara ya mwisho umepima lini?"

Kimya. Niliopita nao nawajua mwenyewe, na zana sikuvaa kila mara. Nesi akanichoma kidole. Dakika zile nimekaa kwenye benchi nangoja, aliyenishika mkono ni yule yule niliyemkimbia siku tano.

Sikukutwa navyo, nikaambiwa nirudi kupima tena baada ya miezi mitatu. Msamaha nimeomba. Bibie anasema bado anadai mihogo yake.