Kinachokosekana Merti ni baridi, si jua

Kila inapotajwa mitambo midogo ya joto la jua kwa miji ya kaskazini mwa Kenya kama Merti, hoja ni zile zile. Sizungumzii paneli za juu ya paa. Nazungumzia vioo vinavyokusanya jua kwenye bomba, vikachemsha kimiminika, na mvuke wake ukazungusha injini. Hoja hizo nimezisikia kwa wauzaji na hata kwa mafundi ninaowaheshimu. Nyingi zimekosea, na anayelipia makosa hayo ni mfugaji.

"Merti kuna joto, kwa hiyo mtambo wa joto utafanya vizuri kuliko penye baridi." Sivyo. Injini hii haiendeshwi na joto peke yake, bali na tofauti kati ya upande wa moto na upande wa baridi. Mfaransa Sadi Carnot alilieleza jambo hilo mwaka 1824, na hakuna mtambo uliowahi kulikwepa. Tuseme kimiminika ndani ya bomba kina nyuzi 150. Mvuke ukipozwa hadi nyuzi 30, kikomo cha ufanisi ni asilimia 28. Ukipozwa kwa upepo wa saa nane mchana, ukabaki na nyuzi 55, kikomo kinashuka hadi asilimia 22 na nusu. Yaani karibu moja ya tano ya nguvu imepotea, na jua ni lile lile. Dereva wa lori anayetoka Isiolo mchana analijua hili bila hesabu: akisimama na kufungua boneti, rejeta inafoka, na upepo unaoipiga nao ni wa moto.

"Basi tuongeze vioo." Vioo vingi huleta joto jingi, lakini wingi si ufanisi. Ufanisi hupanda pale jua linapobanwa kwenye eneo dogo hadi bomba lipate moto zaidi. Hapo napo pana mtego: bomba likizidi kupata moto, lenyewe huanza kurudisha joto hewani, na upotevu huo hukua haraka kuliko faida. Ndiyo maana bomba zuri hupakwa rangi maalumu inayomeza jua bila kutoa mionzi mingi, kisha huvikwa gilasi iliyonyonywa hewa. Pesa ya kioo cha kumi ni afadhali iende hapo. Halafu kuna vumbi. Vioo hivi vinataka miale iliyonyooka; kioo chenye vumbi huitawanya, na kazi yake hupungua sana. Bajeti isiyo na mtu wa kuvifuta vioo haijakamilika.

"Maji ya kupozea yapo, mto Ewaso Ng'iro uko hapo." Hoja hii ndiyo inayoniuma zaidi. Kiangazi kikikaza, mto huo hukauka, na maji ya visima virefu yanagombaniwa na watu, ng'ombe na ngamia. Kuyavukiza hewani ili kupoza injini ni kosa kubwa.

Lakini njia ipo, na sijui kwa nini haizungumziwi. Kazi kubwa ya mtambo mdogo mahali kama hapa ingekuwa kuvuta maji kisimani. Maji hayo yapitishwe kwanza kwenye kipoza mvuke, ndipo yaende birikani. Tufanye hesabu. Injini ya kilowati 3 yenye ufanisi wa asilimia 10 hutupa kilowati 27 za joto. Ikivuta maji kutoka mita 100, na nusu ya nguvu ikipotelea kwenye pampu, italeta lita moja na nusu kila sekunde, zaidi ya lita 5,000 kwa saa. Joto lote lile litayapasha maji hayo nyuzi 4 hivi tu. Ngamia atakunywa bila kujua kitu, hakuna tone lililopotea, na injini imepata ubaridi ambao hewa ya Merti haiwezi kuipa.

"Teknolojia hii haijajaribiwa Afrika." Imejaribiwa. Mwaka 1913 Mmarekani Frank Shuman alivuta maji ya Nile kwa vioo na injini ya mvuke huko Maadi, karibu na Kairo. Karne hii wahandisi waliotoka chuo kikuu cha MIT, Marekani, wamejenga mitambo midogo ya aina hii Lesotho.

Hoja ya mwisho ina ukweli, nami sitaukwepa: "Paneli zimeshinda." Kwa umeme mtupu, zimeshinda. Paneli nzuri hutoa asilimia 20. Ikipata moto wa nyuzi 65 bado hutoa kama 17. Mtambo mdogo wa vioo, ukizidisha asilimia 55 ya vioo kwa 10 ya injini, hauvuki 6. Anayetaka taa na kuchaji simu anunue paneli, wala asisumbuliwe.

Ila paneli haipashi maziwa moto kwa urahisi huo. Maziwa ya ngamia yanayosafirishwa kutoka Isiolo hadi Nairobi yanahitaji nyuzi 63 kwa nusu saa ili yawe salama, na joto hilo vioo hulitoa moja kwa moja, bila injini, kwa ufanisi wa asilimia 50 au zaidi. Kuni zinazookolewa hapo ni nyingi.

Kwa hiyo ndugu zangu wa kamati za maji na vikundi vya maziwa, muuzaji akija na picha za vioo vinavyong'aa, msimuulize jua litaingia wapi. Muulizeni joto litatokea wapi na litamfaa nani. Akishindwa kujibu, msitie sahihi.