Na Lynx Umewaweka Wapi?



Majuzi tulikutana kula pilau kwa kaka mmoja hapa Minneapolis, na kama kawaida ubishi ukazuka: mji gani Marekani una timu bora? Jamaa mmoja aliyesoma Boston akatunyamazisha. Kuanzia 2002 hadi 2024, alisema, Boston imebeba makombe 13: Patriots 6, Red Sox 4, Celtics 2, Bruins 1.

Mimi ni mhandisi bwana, nikaomba karatasi. Zile ligi kubwa nne zina timu 30 au 32 kila moja. Kwa bahati tupu, mji wenye timu nne ungepata kombe moja kila miaka minane hivi. Kwa muda ule Boston ilitakiwa ipate matatu. Imepata 13, hapo hakuna ubishi. New York na viunga vyake ina timu tisa, kwa hiyo kuhesabu makombe bila kugawa kwa idadi ya timu ni kudanganyana.

Nikaja kwetu hapa. Vikings wamecheza Super Bowl mara nne, wakafungwa zote. Twins walichukua besiboli 1987 na 1991, basi. Hadi 2025 Timberwolves hawakuwahi kufika fainali ya kikapu, na Wild wa hoki hawakuwahi kuligusa kombe. Nikatangaza kwamba tunaishi mji wa mikosi.

Dada mmoja anayesomea uuguzi, aliyekuwa anagawa kachumbari, akauliza, "Na Lynx umewaweka wapi?"

Nikacheka. "Dada, tunaongelea timu za kulipwa."

"Kwani wao wanacheza bure?"

Jamani, nilikosa jibu. Lynx ni timu ya kikapu ya wanawake, na uwanja wao wa nyumbani ni uleule wa Timberwolves. Chini ya kocha Cheryl Reeve walikuwa mabingwa 2011, 2013, 2015 na 2017. Ligi yao wakati ule ilikuwa na timu 12, yaani kwa bahati tupu ni kombe moja kila miaka 12. Wao walichukua manne ndani ya miaka saba! Mtasema nimechagua miaka yao mizuri. Sawa, lakini na yule wa Boston kwa nini alianzia 2002? Haya, tuhesabu tangu Lynx walipoanza, 1999, hadi 2025: walitakiwa wapate mawili hivi, wana manne. Tena hoki ya wanawake, Frost wa mji pacha wa St. Paul walibeba makombe mawili ya kwanza ya ligi yao, 2024 na 2025. Mikosi iko wapi?

Na huko nyumbani ni yaleyale. Tunabishana Simba na Yanga mpaka usiku wa manane, lakini ni wangapi wanakumbuka kwamba mwaka 2022 Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake?

Nayasema haya kwa sababu mwaka jana nilikuwa mweka hazina wa chama chetu. Timu ya mpira ya wanaume ilinunuliwa jezi mpya. Dada zetu wa netiboli walicheza na fulana za kuazima, na karatasi ile niliisaini mimi, bila hata kujiuliza. Mwezi ujao tunapitisha bajeti nyingine. Safari hii jezi zianzie netiboli.

Naomba kutoa hoja.