Tumetoka ECCAS, mpaka haukushtuka
KANDO YA KIVU, na Bahati Nsengimana

Tarehe 7 Juni 2025 Rwanda ilitangaza kule Malabo kwamba inajitoa katika jumuiya ya nchi za Afrika ya Kati, ECCAS. Zamu yetu ya uenyekiti ilifika, tukanyimwa, na Kigali ikainyooshea Kinshasa kidole. Si mara ya kwanza: tulijitoa mwaka 2007, kisha tukarudi.

Hapa Gisenyi nimewasikia watu wakiuliza kama ushuru utapanda. Utapandaje? Mama anayevusha nyanya na maziwa kwenda Goma kupitia Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha waendao kwa miguu, hajawahi kuvuka kwa karatasi ya ECCAS. Bidhaa zake ndogondogo zina utaratibu rahisi wa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ambako Rwanda na Kongo zote ni wanachama: cheti kifupi cha asili ya bidhaa, kinajazwa palepale mpakani. Na desturi ya majirani kuvuka bila pasipoti ilipewa nguvu na CEPGL, jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu, iliyoundwa mjini humu Septemba 1976 na makao yake yakawekwa humuhumu, ingawa siku hizi ni jina zaidi kuliko kazi.

Tanzania nayo ilijitoa COMESA mwaka 2000, na maduka ya Dar es Salaam hayakufungwa, maana ilibaki SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, na ikawa inaijenga upya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Linganisheni na mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983. Ile ndiyo talaka ya kweli, kwa sababu reli, posta na ndege vilikuwa vya pamoja. ECCAS haikutuachia chochote cha kugawana hapa ziwani.

Kwa hiyo wanaolia na wanaoshangilia kujitoa kule, naona wote wanatazama upande usio na jambo. Kilichobadilisha forodha yetu si Malabo. Ni mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwa maandishi bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha kati ya wanachama. Lakini anayepokea pesa ng'ambo ya pili leo si forodha ya Kinshasa, na hakuna mkataba wowote wa kikanda aliotia saini. Cheti cha asili unampelekea nani? (Wakubwa wa Jumuiya kule Arusha wamekaa kimya sana kwenye swali hili.)

Mimi ningeanza na dogo linalowezekana. Mamlaka ya mapato ya Rwanda ibandike Petite Barrière na Grande Barrière orodha ya kila tozo ya upande wetu, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, na ya upande wa pili kadiri inavyojulikana, irekebishwe kila wiki. Mchuuzi aijue kabla hajakopa pesa ya mzigo, si akiwa ameshaubeba kichwani.