Chupa ya Lita Moja Siyo Kipimo

Likizo ndefu ya mwaka jana nilirudi nyumbani Sumbawanga nikiwa na GPA ya kujivunia na boom iliyokuwa imekata zamani. Aliyekuwa ananitumia hela ya kula ni kaka yangu, na kaka anaendesha bodaboda ya mkataba. Kila jioni anampelekea tajiri hesabu ya shilingi 8,000, na ikifika miezi kumi na minne pikipiki inakuwa yake. Sevisi zote na kila kinachoharibika ni juu yake. Alikuwa amebakiza miezi mitatu. Nikamwambia, ya nini kumpa fundi hela ya kumwaga oili wakati mimi nipo?

Naandika kwa sababu ya kilichotokea baada ya hapo, na kwa sababu naona humu chuoni wenzangu wengi mna pikipiki, zenu au za mikataba, na mnamwagia oili nyuma ya geto kama nilivyofanya mimi: boli ya chini inafunguliwa, oili chafu inatoka, boli inafungwa, chupa mpya ya lita moja inamiminwa mpaka tone la mwisho, kazi imekwisha. Ukimuuliza mtu kwa nini lita moja, anakujibu kwa sababu chupa ni lita moja.

Mimi nilijiona mjanja kuliko hao. Nilipakua kitabu cha pikipiki kwenye simu. Injini yake ni ya mtindo wa Honda CG125, ile ambayo viwanda vingi vya China vimeinakili, na kitabu kilitoa namba mbili za oili: lita 0.9 na lita 1.1. Nikachagua kubwa, nikidhani ndiyo ujazo kamili. Nilichoruka ni maneno machache yaliyo pembeni. Ile 1.1 ni ya injini iliyofunguliwa yote, ikasafishwa, ikafungwa upya ikiwa kavu. Ukimwaga oili tu, injini haibaki kavu. Kuna oili inayong'ang'ania kwenye sahani za klachi, kwenye gia, kwenye vijia vyake vyote, na hiyo haitoki hata ukae unaitazama mpaka mchana. Ndiyo maana namba ya kumwaga ni ndogo.

Na mimi niliimwaga asubuhi ya mwezi wa saba. Asiyeijua Sumbawanga afikirie mji ulio kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, watu wamevaa makoti na maji ya bombani yanauma vidole. Oili ilitoka kama asali. Kama ningewasha injini dakika chache kwanza ingekuwa nyepesi na ingetoka karibu yote, lakini nani alikuwa na habari hiyo? Kwa hiyo injini iliyobakiwa na oili nyingi kuliko kawaida nikaipa lita moja na ushee.

Halafu nikapima! Hapa ndipo bado najicheka. Pikipiki ilikuwa imeegemea stendi ya pembeni, yaani imelala kushoto, na kijiti cha kupimia oili kipo upande wa kulia wa injini. Oili imekimbilia kushoto, kijiti kinatoka kikionyesha imepungua. Nikaongeza kidogo tena.

Siku ya pili ikaanza kutoa moshi wa bluu, na tulipofungua ea klina tukaikuta imelowa. Sababu yake ni rahisi. Oili ikizidi, kilele chake kinafika kwenye krenki inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Inaipiga kama mtu anayekoroga uji kwa nguvu, inajaa povu. Povu lina hewa, na hewa hailainishi chuma. Presha ndani nayo inapanda, oili inatafuta pa kutokea: kwenye mpira wa kupumulia unaoelekea ea klina, au kwenye sili. Yule anayeongeza "kwa usalama" hajaongeza usalama wowote.

Kaka aliposikia imezidi, akafungua boli akapunguza kwa macho, akarudisha, akapima. Safari hii pikipiki ilisimama wima, vizuri. Ila alikifunga kijiti kwa kukizungusha mpaka mwisho ndipo akakitoa. Kwenye injini hii kijiti kinapimwa kwa kukiweka tu juu ya tundu, bila kukifunga. Ukikizungusha kinazama zaidi na kinakuambia oili ipo ya kutosha wakati haipo. Kosa langu lilificha iliyozidi, kosa lake likaficha iliyopungua. Nyumba moja, siku mbili.

Akateremka Muze kuchukua mchele. Wanaojua ile barabara ya kutoka Ntendo wanajua inavyoanguka ukingoni mwa uwanda wa Ufipa hadi bonde la Ziwa Rukwa. Kushuka siyo tatizo. Kurudi, na magunia mawili nyuma, unapanda karibu mita elfu moja kwa gia ya kwanza na ya pili, injini inalia, upepo wa kuipooza hakuna kwa sababu mwendo ni wa miguu, na pale penye mwinuko mkali oili kidogo iliyopo inakimbilia nyuma. Pampu ikivuta hewa badala ya oili hata kwa muda mfupi, piston na silinda vinasuguana vikavu. Ikanoki kabla hajafika juu. Alirudi na pikipiki imelazwa juu ya magunia ya watu kwenye Fuso.

Piston, ringi, silinda, krenki na ufundi vilikula shilingi 280,000. Siku tisa hakuna kazi, na tajiri hesabu yake haisimami kwa sababu injini imenoki. Ada yangu ilichelewa, nikasajili masomo kwa kuchelewa. Fundi alipofungua injini alinitazama akasema, "Dogo, wewe si ndiyo msomi wa hapa?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Sasa wapo watakaosema somo lake ni kwamba kila kazi iachiwe mwenyewe, tuwape mafundi. Sikubali. Fundi huyuhuyu mzuri nimemwona kijiweni anamimina chupa nzima kwenye kila pikipiki inayokuja, iwe ya cc 100 au 150, kwa kuwa mteja akiona oili imebaki kwenye chupa anadhani ameibiwa. Ni sisi wateja tunaodai chupa iishe. Tumelipia lita, tunataka lita iingie. Na kati ya sevisi moja na nyingine hakuna fundi atakayekuja geto kwako kupima, wakati injini iliyochoka inakula oili kila siku na milima ya huku inaichosha haraka.

Msimamo wangu ni huu: kiasi cha oili hakipo kwenye chupa, na hata kwenye kitabu hakipo chote. Kitabu kinakupa pa kuanzia, kijiti ndicho kinaamua. Kama kitabu kinasema 0.9, weka kama 0.8. Washa injini dakika mbili tatu, zima, subiri oili ishuke, simamisha pikipiki wima kwenye sakafu iliyo sawa (uani kwetu hakuna, inabidi kwenda barazani), futa kijiti, pima kama kitabu chako kinavyoelekeza, kwa kuwa zipo injini ambazo kijiti kinafungwa na zipo zenye kioo kidogo pembeni badala ya kijiti. Ongeza kidogo kidogo mpaka kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Kuongeza ni kazi ya sekunde. Kupunguza kunakurudisha chini ya injini na beseni, na huko ndiko kaka alikokosea.

Wenye magari msicheke. Toyota IST yenye injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, 3.4 usipobadilisha filta, na oili dukani inauzwa kwa galoni la lita 4. Hesabu wenyewe ni wangapi wanamimina galoni zima. Gari la aina hiyo angalau lina oili nyingi, likikosewa kidogo linavumilia. Pikipiki ina chini ya lita moja inayofanya kazi ya injini, gia na klachi kwa pamoja, kwa hiyo mililita 200 ni zaidi ya moja ya tano ya kila kitu ilicho nacho. Na kwa sababu klachi imo humohumo, oili ya gari usiitie hata kama umepewa bure. Nyingi zina viungo vya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza. Tafuta iliyoandikwa JASO MA.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya kuzidi na kupungua, nachagua izidi kidogo, maana iliyozidi ilituletea moshi na iliyopungua ikatuletea Fuso. Lakini hakuna anayekulazimisha kuchagua.

Serikali ya wanafunzi kila mwaka inatuandalia semina ya ujasiriamali, tunaambiwa tujiajiri, tunapewa soda. Wengi wetu ajira hiyo tunayo tayari na ina magurudumu mawili. Nawaomba viongozi wetu, Jumamosi moja tu kwa muhula, mualike mafundi wawili watatu wa hapa mjini, kila mwenye pikipiki aje na kitabu chake au jina la injini yake, tuandike namba sahihi na tuzibandike kwenye tanki. Gharama yake haifiki hata ya zile soda. Oili chafu ikusanywe kwenye dumu. Hapa Sumbawanga hutakosa mtu wa kuipaka kwenye nguzo za uzio dhidi ya mchwa, badala ya kuimwaga kwenye mtaro unaopita nyuma ya mabweni.

Kaka alimaliza mkataba mwezi wa kumi na mbili, miezi miwili nyuma ya ratiba. Mimi nilimnunulia jagi la plastiki lenye mistari ya mililita, sokoni, shilingi 1,500. Linakaa juu ya kabati la mama na ameliandika kwa maka peni: USIPIMIE MAZIWA.