Tunalipa mega, matangazo yanazikula

Kila mutu mwenye telefone hapa Goma anaijua hii. Umenunua mega za siku moja, unataka kujua kama njia ya Sake inapita leo. Unafungua habari. Mbele ya neno la kwanza, picha ya mchezo wa pari inafunika kioo chote. Unatafuta alama ya kuifunga, ni ndogo kama kichwa cha sindano, kidole kinateleza, unajikuta umefungua kitu ingine kabisa. Unarudi nyuma. Video inaanza kulia yenyewe. Chini kunatokea swali la Kifaransa: « Tout accepter ». Unabonyeza ndiyo, juu wewe unataka paka habari yako. Na mega tayari zimeanza kuisha.

Wengi wetu tunaihesabu kama usumbufu tu, kitu cha kutukana kidogo na kuendelea. Sisi tunaona iko wizi wa mara mbili. Kwanza wanachukua mega ulizolipa. Kisha wanachukua alama za miguu yako: fasi uko, saa gani uko pale, nini umesoma. Na ku muji kama wetu, hiyo ya pili njo inatutia woga zaidi.

Tuanze na mega, juu hizo kila mutu anazisikia ku mfuko. Habari ya maneno 500, maneno peke yake bila picha, ina uzito wa kilobaiti 4 hivi. Picha moja ya tangazo inaweza kufika kilobaiti 150. Ni kusema, kwa uzito wa ile picha moja, ungeweza kusoma habari karibu 40. Video hata tusiiguse. Na nani analipa usafiri wa ile picha? Kampuni ya pari inalipa yule anayeiweka. Lakini kipande cha mwisho cha njia, kutoka ku antena mpaka mkononi mwako, unakilipa wewe. Tangazo la sabuni ku redio halikukati franga. Ubao mukubwa ku rond-point Signers hauombi kitu kwa motari anayepita. Ni ku telefone peke yake fasi mutu analipa ili atangaziwe.

Kwa mutu wa Brussels mwenye intaneti ya mwezi muzima bila kipimo, ni jambo la kukasirisha, basi. Kwa mwanafunzi wa hapa anayenunua forfe ya saa 24, ni kozi ambayo haitamaliza kushuka. Kwa mama wa Kituku, ni ujumbe wa sauti wa muteja wa Bukavu ambao hautafunguka mpaka kesho, na samaki haingoji kesho.

Mukumbuke mwezi wa tano 2021. Nyiragongo ilitapika tarehe 22, usiku. Siku tano nyuma, tarehe 27, gavana wa kijeshi Constant Ndima akatangaza asubuhi kwamba kartie 10 kati ya 18 za muji zihame. Watu wakajaa ku njia ya Sake, wengine wakavuka mupaka kuingia Gisenyi, wengine wakakimbilia mabato ya Bukavu. Asubuhi ile kila familia ilikuwa inatafuta kujua jambo moja: kartie yetu iko ndani ao haiko? Jibu la swali kama lile ni mistari tatu. Kati ya mutu na ile mistari tatu hakupashwi kuwa na kitu chochote, iwe pari, iwe krimu ya ngozi, iwe « telefone yako iko na virusi, bonyeza hapa ». (Na kwa kuwa tuko pale: OVG yenyewe, wale wanaochunga volkano, walikaa miezi bila intaneti mbele ya ule mulipuko, kwa kukosa franga ya kuilipa. Mutu akikuambia mega ni mambo ya starehe ya vijana, umukumbushe hiyo.)

Sasa tuingie ku ile ya pili, yenye haionekani.

Lile swali la « Tout accepter » linaongelea kuki. Tanzania wanaziita vidakuzi. Kuki ni kikaratasi kidogo chenye namba, ambacho ukurasa unaokifungua unakiacha ndani ya telefone yako ili siku ingine ikutambue. Ilitengenezwa 1994 na Lou Montulli, mufanyakazi wa Netscape, na kazi yake ya kwanza ilikuwa nzuri: mashine ikumbuke kwamba ni wewe, usianze kila kitu upya. Kuki ya namna hiyo hatuna shida nayo. Inakumbuka luga yako, inakumbuka kwamba umeingia, inaishia pale.

Shida ni kuki ya mugeni. Unasoma habari ya Goma, lakini ndani ya ukurasa ule kuna vipande vya kampuni za matangazo zenye ziko mbali, hauzijui, haukuziita. Kila moja inaacha kikaratasi chake. Kesho unafungua habari ya mupira, kampuni ni ileile, inasema: « aah, ni yule wa jana ». Kesho kutwa unatafuta dawa ya ugonjwa wenye haya, iko palepale tena. Pole pole wanashona maisha yako. Ku programu za telefone hakuna hata haja ya kuki: telefone yenyewe iko na namba ya matangazo, na programu inaweza kuipeana pamoja na fasi uko.

Kisha kuna munada. Wakati ukurasa unafunguka, ile sehemu tupu ya tangazo inauzwa kwa munada unaomalizika mbele hujapepesa jicho. Ili wanunuzi wajue kama unafaa, wanatumiwa habari zako: aina ya telefone, namba, muji, mara ingine fasi kamili. Mumoja anashinda, anakuonyesha tangazo lake. Lakini wale wote walioshindwa pia wamepokea habari zako. Na kuna wengine wanaokaa ku munada bila hamu ya kununua tangazo, wanakusanya tu, kisha wanauza.

Kama unazani ni hadithi za kutisha watoto, angalia Muslim Pro. Ni programu ya saa za swala na upande wa Kibla, mamilioni ya Waislamu duniani wako nayo. Mwezi wa 11 wa 2020, waandishi wa Motherboard walionyesha kwamba fasi za watumiaji wake zilikuwa zinakwenda kwa kampuni ya Marekani inayoitwa X-Mode, na kwamba X-Mode ilikuwa inauzia makampuni yanayofanya kazi na jeshi la Marekani. Mutu alifungua telefone ili aelekee Kibla. Nyuma yake, fasi aliposimama iliuzwa. Muslim Pro ikatangaza kwamba imevunja uhusiano na X-Mode. Mwanzo wa 2024, mamlaka ya biashara ya Marekani ikaikataza ile kampuni kuuza habari za fasi nyeti, kama vile hospitali na nyumba za ibada. Miaka ilikuwa imepita tayari.

Sasa ulete hiyo hapa kwetu. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, muji uko mikononi mwa M23. Mbele yao, chini ya serikali, wenzetu walikuwa wanakamatwa pia kwa sababu ya bango na mapigo ya filimbi, tusisahau haraka. Kwa kijana anayekwenda ku kikao fulani nyumbani kwa mutu fulani ku Majengo ao Ndosho, fasi uliyolala jana ni siri ya kulinda uhai. Hatusemi kwamba leo kuna mutu amenunua orodha ya telefone za Goma. Tunasema orodha za namna hiyo ziko, ziko na bei, na muuzaji haulizi mununuzi kama ana bunduki. Tunafuta ujumbe mbele ya kutoka nyumbani, tunazima telefone ku kikao, kisha tunaacha programu ya toshi ijue fasi tuko saa zote. Haiendi pamoja.

Kuna watakaotuambia: munaota, nani atasikiliza vijana wa Goma juu ya mambo ya matangazo? Tunawajibu kwa herufi tatu: RAM.

Mwezi wa tisa 2020 serikali ya Kinshasa ilianza kukata inite ndani ya telefone zetu kwa jina la rejista ya vyombo vya mukononi. Walisema ni kupiganisha telefone za wizi na za bandia. Ilikuwa karibu dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G na zaidi, dola moja na kidogo kwa ile ya 2G, wanakata vipande vipande. Unaweka inite, unapiga simu, inite haziko. Hakuna aliyekuuliza. Watu walizani ni kosa la mashine, kisha wakaelewa, kisha wakakasirika. Vijana wakashuka njiani ku miji mingi, Goma ndani. Mwaka wa 2021 mambo yakafika mpaka ku Bunge, waziri akaulizwa maswali makali. Mwanzo wa 2022 RAM ikaondolewa. Walioangusha RAM hawakuwa na elimu ya kompyuta. Walijua jambo moja: kitu kinatoka ku telefone yangu na mimi sikusema ndiyo.

Matangazo ya kufuatilia ni kitu hichohicho. Tofauti ni kwamba RAM ilikuwa na waziri wa kumupigia kelele, na hii haina sura. Tena wametuwekea kitufe cha « ndiyo », ili waseme tulikubali. Lakini ndiyo ya mutu ambaye hakuelewa, aliyewekewa ndiyo kubwa ya rangi na hapana ya kufichwa nyuma ya kurasa tatu, ile haiko ndiyo. Hata Ufaransa wameona hivyo: mwanzo wa 2022 mamlaka yao ya kulinda data, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, juu kukataa kuki kulikuwa kugumu kuliko kuzikubali.

Sisi pia tuko na sheria. Katiba, kifungo cha 31, inalinda maisha ya siri ya kila mutu na siri ya mawasiliano yake. Na tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inchi iko na Code du numérique, yenye inaongelea ruhusa ya mwenye data na inapanga mamlaka ya kuzilinda. Tunataka mamlaka ambayo mutu wa Birere anaweza kuipelekea lalamiko kwa Kiswahili, bila advoka, na apate jibu. Sheria inayokaa paka Kinshasa kwa Kifaransa haijafika.

Kuna neno moja la haki tunapashwa kulisema. Waandishi wadogo wa hapa, wale wanaotuletea habari wakati wakubwa wamekimbia, wanaishi na franga za yale matangazo. Hatuwapigi vita. Lakini tuwaulize: muko napata kiasi gani kweli, na watu kati wanabakia na kiasi gani? Duka la simu la Birere, shirika la mabato, hoteli ya Himbi, hao wanaweza kuwalipa moja kwa moja kwa picha moja ndogo, yenye inakaa fasi yake, haifuati mutu, haifuniki habari. Gazeti la karatasi liliishi hivyo miaka mingi bila kujua musomaji amelala wapi. Na habari ya usalama, ya volkano, ya kolera, ya njia kufungwa, ile iwe bila tangazo hata moja. Hilo hatulijadiliani.

Makampuni ya simu nayo, hatuwasahau. Wakomeshe kutuingiza ku huduma ambazo hatukuomba, na namba ya kujitoa iwe ya bure na ifanye kazi.

Wakati tunangoja, musingoje. Ku telefone ya Android, ingia Paramètres, kisha Google, kisha Annonces, ufute « identifiant publicitaire » (menyu zinatofautiana kidogo kwa kila telefone, utafute tu). Ku iPhone, ingia ku Confidentialité, kisha Suivi, ufunge. Upitie programu moja moja na uondoe ruhusa ya kujua fasi uko kwa kila yenye haina haja nayo: toshi, kalkuleta, mchezo wa karata, zote. Firefox inazuia kuki nyingi za wageni yenyewe, na ku Android, ukiongeza uBlock Origin ndani yake, matangazo mengi hayashuki kabisa, ni kusema mega zinabakia. Ni kazi ya dakika kumi. Ukimaliza yako, ufanye ya mama, juu yeye njo anabonyeza « ndiyo » kwa kila kitu, na kila mumoja wetu njo amelala ku nyumba yake.

Ku vikao vya kartie vya mwezi huu, kila mutu aje na telefone yake na chaji. Tutayafanya haya pamoja, mumoja mumoja, kisha tutazima zote na kuanza ajenda ya siku.